UZI: Kusaka tafiti za michezo mtandaoni, acheni kuandika sentensi nzima kama mnamwandikia mjomba barua

Kipepe wa Mtoni (mleta uzi):

Wakuu salaam. Uzi mrefu huu, mwenye haraka zake apite tu, mwenye chai avute kiti.

Mimi nasoma mambo ya michezo chuo kimoja hapahapa Dar, mwaka wa tatu, jioni nafundisha timu ya vijana mtaani, uwanja wa vumbi na mawe yake, mnavijua viwanja vyetu. Msimu uliopita vijana wanne walikaa nje kwa kuumia nyama za nyuma ya paja, wanne ndani ya mwezi mmoja na nusu, na mmoja mpaka leo akifungua spidi tu anashika paja. Nikasema risachi yangu ya kumaliza chuo hii hapa, sina haja ya kuhangaika na topiki.

Kasheshe ikaanzia kwenye kutafuta wenzetu wameandika nini. Nikafungua Google Scholar, ule mtandao wa Google wa kusaka makala za kitaaluma, nikaandika, naona aibu ila naiweka msije mkarudia: "how can I prevent hamstring injury in young football players in Tanzania". Sentensi nzima! Yakaja makala mpaka kichwa kikauma, mara American football ya wale wa helmeti, mara ule mpira wa Australia wenye umbo la yai, halafu zikafuata za afya ya jamii Tanzania ambazo habari ya nyama za paja haimo kabisa. Nimekesha, bando la wiki limekata, mkononi nina PDF mbili na moja ni ya farasi. Siwatanii, farasi.

Kesho yake nikaenda maktaba na hasira zangu nikamkuta mkutubi mmoja mama mtu mzima, nikamlalamikia kwamba hawa Wazungu hawajatafiti kitu. Hakunijibu. Akachukua karatasi akaikunja safu tatu akasema taja wachezaji ni kina nani, taja tatizo, taja dawa yake. Nikaweka neno moja moja kila safu nikadhani nimemaliza. Akasema bado mwanangu, sasa andika majina mengine yote ambayo mtafiti wa Norway, wa Nigeria, wa Brazil angeweza kukiita kitu hichohicho. Hapo ndo nilipokaa kimya.

Maana cheki, sisi tunasema mpira, Mwingereza anasema football, Mmarekani anasema soccer na akisema football anamaanisha wale wa helmeti. Ukiandika soccer peke yake unawakosa Waingereza kibao, ukiandika football peke yake unamwagiwa helmeti. Kwa hiyo unaweka zote mbili na katikati OR (yaani au) kwa herufi kubwa. Nyama za paja nako hivyohivyo, kuna hamstring, kuna "biceps femoris", kuna "posterior thigh". Kuumia kuna injury, injuries, injured, hapo unaweka kinyota, injur* inakubebea zote kwa mkupuo. Maneno ya safu moja yanaungwa na OR, safu kwa safu zinaungwa na AND (yaani vyote viwepo), na kila safu inafungwa na mabano yake. Safu ya tatizo nikaikata mara mbili, nyama yenyewe na kuumia, ikatoka hivi:

(soccer OR football) AND (hamstring OR "biceps femoris" OR "posterior thigh") AND (injur* OR strain*) AND (prevent* OR eccentric OR "warm-up")

Nikaibandika PubMed. Hiyo ni ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, bure, haiombi pasiwedi wala kujisajili, iko hewani toka 1996. Aisee. Nikakutana na ule utafiti wa Denmark wa 2011, wachezaji 942 wa timu 50, na wa Uholanzi wa 2015, wachezaji wa ridhaa 579, zote zinapima zoezi moja linaitwa Nordic hamstring, lile la kupiga magoti mwenzio kakushika vifundo vya miguu halafu unajishusha mbele taratibu huku unajizuia. Na zote zinaonyesha kuumia kunapungua sana. Zoezi halitaki jimu, halitaki hata mpira. Usiku ule wa farasi makala hizi zilikuwepo mtandaoni wakuu, mimi ndo nilikuwa naita kwa jina silo.

Angalizo moja kabla sijasahau. Kinyota Google Scholar hakifanyi kazi ya kukata neno kama PubMed, na mabano marefu kama hayo inayachanganya, kule andika vifupi vifupi. Pia haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000 ya kwanza hata ikikwambia imepata laki mbili. Ila ina kitu kimoja kitamu, chini ya kila makala kuna "Cited by", ukibofya unaona waliokuja baadaye kuitaja, yaani unashika makala moja nzuri ya 2011 unapanda nayo mpaka ya mwaka huu.

Maswali karibu, na wataalam mnirekebishe.

Bwashee wa Tandika:

Siti ya mbele, juisi ya miwa mkononi. Farasi naye aliumia nyama za paja?

Kipepe wa Mtoni:

@Bwashee aliumia, na alipona. Wangu bado.

Binti Ubungo:

Mkuu mbona unajitesa hivyo, siku hizi si unaiuliza AI tu inakupa orodha na majina ya waandishi na mwaka kabisa?

Kipepe wa Mtoni:

Nilishafanya dada. Ikanipa makala tano zimepangwa vizuri, kila moja na namba yake ya DOI, ile ya kuitambulisha makala mtandaoni. Nikazitafuta moja moja. Mbili zipo. Moja ipo ila inaongelea bega. Mbili hazipo duniani wala ahera, waandishi wa kweli ila hawajawahi kuandika kitu hicho. Ningezipeleka kwa msimamizi wangu ningerudishwa mwaka wa kwanza. Mimi naitumia kwenye safu tu, naiuliza nipe majina mengine ya hamstring kwenye tafiti, hapo inasaidia. Orodha ya makala naitoa mwenyewe.

Fizio Upanga:

Uzi mzuri dogo, niongezee kwa upande wetu wa tiba.

Kwanza, PubMed ina msamiati wake wa ndani unaitwa MeSH. Kuna watu na mashine wanabandika makala vibandiko, kwa hiyo makala ya mpira wa miguu hata mwandishi akiandika football inabandikwa Soccer, za majeraha ya wanamichezo zinabandikwa Athletic Injuries. Ukiandika "Soccer"[Mesh] helmeti zinapotea karibu zote. Uzuri huo una kasoro yake lakini, kuna makala zipo PubMed ila jarida lake halimo kwenye MEDLINE, ile orodha ya majarida yaliyochaguliwa ndani ya PubMed, hizo hazina kibandiko kabisa, ukitegemea MeSH peke yake unazikosa. Mimi huweka vyote, ("Soccer"[Mesh] OR soccer OR football), basi.

Pili, ukiandika neno tupu PubMed inakutafsiria kimyakimya kwenda MeSH, ila ukiweka alama za kunukuu au kinyota inaacha kutafsiri na inatafuta herufi ulizoandika tu. Watu wengi hawalijui hili, wanaweka alama za kunukuu kila mahali wakidhani ndo utaalam halafu wanashangaa makala zimebaki sita.

Tatu, kwa mafizio na makocha ambao hawataki kuogelea, nendeni PEDro. Ni ya Australia, ipo toka 1999, bure, imejaa tafiti za fiziotherapia tu na zile za majaribio zimepewa alama hadi 10 kwa jinsi zilivyofanywa. Ukiwa na dakika kumi kati ya mgonjwa na mgonjwa kama mimi, naanzia huko, PubMed baadaye nikiwa nyumbani.

Kocha Rangi Tatu:

Kipepe na Fizio hongereni. Mimi nina swali langu la kila mwaka. Nina timu Mbagala, vijana zaidi ya nusu wanafunga Ramadhani na ligi ya mtaa haisimami, mechi saa kumi jioni juani. Nimejaribu sasa hivi hiyo PubMed nimeandika Ramadhani tupu nimeletewa watu wanaoitwa Ramadhani. Madaktari kabisa, malaria, kifua kikuu, mpira haupo.

Bwashee wa Tandika:

Hahahaha kocha kasajili madaktari

Kipepe wa Mtoni:

Hahaa kocha hiyo imeniua. PubMed neno ikiliona linafanana na jina la mwandishi inakuletea mwandishi, na Ramadhani wetu wametafiti sana malaria, si kosa lao. Kwenye Kiingereza chao wanaandika Ramadan, wengine Ramadhan. Na mwambie iangalie kichwa cha habari na ikisiri (ule muhtasari wa makala) tu, sio majina ya watu. Unaweka [tiab] mwisho wa neno.

Kocha Rangi Tatu:

Nimeandika hivi ramadan[tiab] AND football OR soccer. Makala maelfu kwa maelfu! Ya kwanza kichwa cha mchezaji anapiga hedi. Hii kitu ina mambo.

Fizio Upanga:

Kocha umesahau mabano. PubMed inasoma kutoka kushoto kwenda kulia kama unavyosoma gazeti. Imeanza ramadan na football, ikapata chache, halafu ikaona OR soccer, ikasema haya, na soccer zote duniani ongeza. Funga football na soccer kwenye mabano yao:

ramad*[tiab] AND (football OR soccer)

Kocha Rangi Tatu:

Aah. Zimeshuka, sasa hata mtu unaweza kuzipitia moja moja. Naona Algeria, Tunisia, Tunisia, Tunisia. Ngoja nifuturu narudi.

Kipepe wa Mtoni:

Waarabu wa Kaskazini wamelifanyia kazi sana hili kocha na ndo maana nasema jina la kitu likipatikana mlango unafunguka. Ile ya Algeria ya 2007 ya wachezaji wa kulipwa ilikuta spidi, wepesi wa kugeuka na pumzi vyote vinashuka ndani ya mfungo. Halafu 2008 kuna jarida moja la sayansi ya michezo lilitoa toleo zima la nyongeza la mpira na Ramadhani, vijana wa Tunisia wamekaa kambini wanapangiwa kula na kulala, na humo wakakuta uwezo hauharibiki. Ukisoma moja ukaacha nyingine unatoka na imani yako. Mimi nikizisoma zote mbili naona tofauti ni kambi, na wewe kocha kambi huna, vijana wako wanatoka kubeba mizigo Kariakoo wanaunga uwanjani.

Mama Vitabu:

Wanangu nimepita nikaona mnaongea kazi yangu, nikashindwa kunyamaza. Nimefanya maktaba miaka mingi.

PubMed ni ya tiba. Mkitaka ufundishaji wa michezo, saikolojia ya mchezaji, utawala wa vilabu, historia, elimu ya viungo shuleni, kule mtapata nusu kikombe. Kanzidata ya michezo yenyewe inaitwa SPORTDiscus. Ilianzia Kanada kwenye kituo chao cha taarifa za michezo, SIRC, sasa iko mikononi mwa kampuni ya EBSCO. Hiyo ni ya kulipia, mtu binafsi haiwezi, ni lazima chuo kiwe kimeilipia. Ndani yake kuna orodha yake ya maneno rasmi kama hiyo MeSH, ifungueni kwanza muone wao kitu wanakiitaje kabla ya kuanza kuandika. Elimu ya viungo shuleni nendeni na ERIC, ya wizara ya elimu ya Marekani, bure.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo wanafunzi wa Dar mnaponiudhi. Mnakuja maktaba mnachaji simu mnaondoka. Vyuo vingi hapa nchini viko kwenye umoja wa maktaba za vyuo na taasisi za utafiti, COTUL, majarida mengi yanalipiwa kwa pamoja. Na kuna Research4Life, humo ndani kuna Hinari ya mambo ya afya ambayo Shirika la Afya Duniani limeianzisha 2002, taasisi za nchi kama yetu zinaingia humo kwenye maelfu ya majarida. Lakini inasajiliwa taasisi, mtu hasajiliwi, na pasiwedi anayo mkutubi wenu. Nendeni mkamuulize, hang'ati. Sijui mara ngapi nimemwona kijana analia bei ya makala kwenye mtandao wa mchapishaji huku makala hiyohiyo imelipiwa na chuo chake.

Binti Ubungo:

Shikamoo mama. Hapo umenigusa. Mimi nililipa dola 39 kwa makala moja, nilikopa kwa mchumba, kufungua kurasa nne na moja ni picha ya goti. Na pasiwedi ya chuo ikiwa nje ya eneo la chuo inagoma, nimewaandikia wahusika mpaka nimechoka wanasema wanalishughulikia, muhula wa pili huu.

Mama Vitabu:

Marahaba mwanangu, pole. Ikigoma nje, nenda nayo ndani ya chuo utumie intaneti ya pale, mara nyingi mchapishaji anatambua mtandao wa chuo na anafungua bila kuuliza. Shusha zote za wiki siku moja. Na ile ya dola 39 ungebofya "All versions" pale Google Scholar kwanza, huwa kuna nakala mwandishi ameweka kwenye hazina ya chuo chake.

Fizio Upanga:

Na PubMed upande wa kushoto kuna kichujio "Free full text", weka tiki zinabaki za bure tu. Nyingi ziko PubMed Central, ile hazina ya makala nzima iliyoanza 2000. Kuna na kidude cha kuweka kwenye brauza kinaitwa Unpaywall, ukiwa kwenye ukurasa wa makala kikaona nakala halali ya bure kinawasha kufuli ya kijani pembeni, unabofya. Ikishindikana kabisa mwandikie mwandishi, barua pepe yake ipo palepale kwenye makala. Niliwahi kumwandikia bibi mmoja wa Ulaya Jumamosi usiku, Jumapili asubuhi kanitumia na nyingine mbili ambazo sikuomba. Wanapenda kusomwa hawa.

Ila angalieni, msitumie hicho kichujio cha bure mwanzoni. Tafuta zote kwanza ujue zipo ngapi na zipi kubwa, ndo uhangaike namna ya kuzipata. Ukianza na za bure unaandika risachi ya vilivyo bure, si ya vilivyopo.

Mkimbiaji wa Koko:

Na sisi wa riadha je? Simbu kachukua ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025 kwa 2:09:48, Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 toka 1974 kule Christchurch, lakini nikitafuta wakimbiaji wa Tanzania naona Wakenya na Waethiopia tu. Sisi hatukimbii?

Kipepe wa Mtoni:

Tunakimbia ila hatujaandikwa sana mkuu, na hapo hakuna mbinu ya kutafuta itakayokuzalishia kitu. Jaribu kwa Tanzania[ad], hiyo [ad] ni anwani ya mwandishi, inakuletea waliofanya kazi kutoka taasisi za hapa hata kama neno Tanzania halipo kwenye kichwa. Ukiiunganisha na "physical activity" au exercise utapata vitu. Na usishangae ukikutana na Wahadzabe kila kona, watafiti wanawapenda sana, kuna ile ya 2012 iliyopima nguvu wanayotumia kwa siku, watu wanaotembea porini kutwa, ikakuta ukizingatia ukubwa wa mwili hawatumii nishati zaidi ya Wamarekani wanaoshinda kwenye viti. Ipo bure. Nilienda kutafuta nyama za paja nikapotelea Eyasi saa mbili nzima.

Pia pita AJOL, iko Afrika Kusini, imekusanya majarida ya Afrika, humo kuna jarida la tiba ya michezo la Afrika Kusini na ya elimu ya viungo. Vingi vya humo huvioni PubMed.

Binti Ubungo:

Mimi netiboli. Nimefuata safu zenu, netball AND knee AND ligament AND prevent AND young AND women, nimepata mbili.

Fizio Upanga:

Kila AND ni mlango dada, na wewe umejenga milango mitano kwenye chumba kidogo. Netiboli inachezwa zaidi nchi za Jumuiya ya Madola, tafiti nyingi ni za Australia na New Zealand, hazijai sana. Anza netball AND injur* tu, pitia zote kwa macho, hazikuuwi. Na young na women toa, netiboli wengi wanaochunguzwa ni wanawake hata usiposema. Halafu ukikwama kwenye namna ya kutua chini baada ya kuruka, azima kwa jirani, mpira wa kikapu na mpira wa mikono wameumia magoti hayohayo na wameandika mno.

Bwashee wa Tandika:

Sasa niwaulize swali la mlevi. Mtu kasoma PDF 200 na mwingine kasoma kichwa cha habari tu, uwanjani si wote wanapigisha jogingi na kunyoosha miguu?

Kipepe wa Mtoni:

Bwashee safari hii umeuliza la maana, ngoja nikupe mfano mmoja maana umenigharimu.

Kuna programu ya kupasha misuli ya FIFA, dakika 20 hivi, inaitwa 11+. Nikaitafuta. Jambo la kwanza, ile alama ya kujumlisha mashine nyingi zinaitupa, zinaona 11 tupu, kwa hiyo unatafuta "FIFA 11" na neno kama "warm-up". Jambo la pili, kabla ya 11+ kulikuwa na kaka yake anaitwa The 11, programu nyingine, na utafiti mmoja wa Norway wa 2008 kwa wasichana haukuona faida yake. Mimi nilisoma huo kwanza nikawatangazia vijana kwamba mambo ya FIFA ni usanii mtupu. Wiki mbili baadaye ndo naona tofauti ni kijialama kimoja, na 11+ ina utafiti wake, Norway hukohuko, 2008 hiyohiyo, wasichana 1,892 wa miaka 13 mpaka 17. Nikala maneno yangu mbele ya watoto.

Fizio Upanga:

Na hata huo wa 1,892 usiuchukue juu juu. Kipimo walichopanga mwanzoni kilikuwa majeraha ya miguu, hicho kilishuka ila hakikuvuka mstari wa kitakwimu, yaani huwezi kukataa kwamba ni bahati tu. Vilivyovuka ni majeraha yote kwa jumla na yale makubwa. Ukisoma sentensi ya mwisho ya ikisiri unaondoka unaimba, ukisoma jedwali unaanza kuongea kwa adabu. Lakini kwa kocha wa mtaani mimi ningemwonyesha wa Lagos kabla ya huo.

Kipepe wa Mtoni:

Enhee huo! 2014, ligi ya vijana ya Lagos, timu 20, wachezaji 416 wa miaka 14 mpaka 19, 11+ ilipunguza majeraha kwa asilimia 41. Wanaume, Afrika, joto kama letu. Makala iko bure kabisa, na niliikosa mwanzoni kwa sababu nilikuwa naandika Tanzania kila mahali. Nilipofuta Tanzania nikaweka Africa haikutokea vizuri pia, nikaweka Nigeria ikaja. Mtu anaandika nchi yake, haandiki bara. Ndo maana sasa nikitaka Afrika naziorodhesha nchi, Nigeria OR Ghana OR Kenya OR "South Africa" OR Tunisia, mstari unakuwa mrefu kama foleni ya Ubungo enzi zile.

Kwa hiyo Bwashee jibu lako, yule aliyesoma kichwa cha habari tu alikuwa mimi, na vijana wangu walikaa wiki mbili bila kupasha misuli kwa ujinga wangu.

Mkimbiaji wa Koko:

Joto je? Nakimbia saa kumi na moja alfajiri bado natiririka kama nimeogeshwa.

Fizio Upanga:

Usiandike hot weather. Wanaita "heat stress", thermoregulation, hyperthermia, "heat acclimation", weka na humid* maana joto la Dar ni la unyevu. Na kipimo chao cha uwanjani kinaitwa WBGT, kinachanganya joto, unyevu na jua, ukiliweka hilo neno unapata za viwanjani hasa. Miaka ya nyuma mwongozo wa FIFA uliweka mapumziko ya kunywa maji WBGT ikifika nyuzi 32.

Mama Vitabu:

Jingine wanangu, andikeni kwenye daftari tarehe, kanzidata na mstari mliotafuta, neno kwa neno. Msimamizi atawauliza mlipataje. Na makala mzihifadhi Zotero, bure, itawapangia marejeo. Nimeshaona mtu anatafuta usiku wa kuamkia kuwasilisha ile PDF aliyoiita "final final mpya 2".

Binti Ubungo:

Mama umenichungulia kwenye simu yangu?

Kocha Rangi Tatu:

Nimerudi, nimefuturu, nimeswali. Nimepitia vichwa vyote kwa macho. Nimeshusha za bure sita, ya Algeria nimeisoma nusu, Kiingereza chao kigumu ila jedwali naelewa, mimi nilifanya hesabu. Swali moja la mwisho Fizio, hawa wa Tunisia walicheza jioni kabla ya futari au usiku baada ya futari? Maana nataka kumpelekea mwenyekiti wa ligi Jumamosi mechi zihamie saa mbili usiku, uwanja wa jirani una taa.

Fizio Upanga:

Kocha makala si moja, kila moja ina muda wake wa kupima, angalia sehemu ya Methods kila PDF, muda wa siku wanauandika. Na ukitaka zinazoongelea saa yenyewe ongeza safu moja:

ramad*[tiab] AND (football OR soccer) AND ("time of day" OR evening OR night OR diurnal)

Kocha Rangi Tatu:

Mabano nimeweka safari hii. Zimekuja chache, nazisoma kesho kwenye daladala. Mwenyekiti hasomi Kiingereza, nani ananisaidia kumwandikia ukurasa mmoja wa Kiswahili kabla ya Jumamosi?

Kipepe wa Mtoni:

Nitumie PDF inboksi kocha, Ijumaa unayo.